Dozi sifuri: kwa nini mtoto mwenye kovu la BCG anaweza kuhesabiwa kuwa hajachanjwa

Mtoto ana kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, mkononi. Matone ya polio alishadondoshewa na timu iliyopita nyumba kwa nyumba. Bado katika takwimu anaweza kuingia kundi la "dozi sifuri", na karani hajakosea. Jina lenyewe ndilo linalopotosha kidogo. Dozi sifuri ni mtoto ambaye hajapata dozi ya kwanza ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, ambayo nchi nyingi siku hizi huitoa ndani ya Penta pamoja na kinga ya homa ya ini B na ya Hib, bakteria wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Chanjo nyingine alizopata hazitazamwi.

Kwa nini Penta ndiyo ikawa kipimo? BCG hutolewa mapema baada ya kuzaliwa, kwa hiyo mara nyingi inatuambia tu kwamba mama alijifungulia kituoni. Matone ya kampeni humfuata mtoto mlangoni, na familia haihitaji hata kujua kliniki iko wapi. Penta ya kwanza hutolewa mtoto akifikisha wiki 6. Lazima mtu ambebe siku ya kliniki, amfikishe, akute mhudumu yupo na chanjo ipo. Dozi hiyo ikikosekana, tunajua kwamba kaya hiyo na huduma za kila siku hazijakutana. Ndiyo maana watafiti wa tofauti zisizo za haki katika afya ya watoto wanaipenda sana: ni sindano moja, lakini inafichua mengi. Chambuzi za tafiti za kaya kutoka nchi nyingi zinarudia picha ileile. Mara nyingi zaidi kuliko wenzao, watoto hawa ni wa kaya maskini, mama zao wamesoma kidogo, hawakuhudhuria kliniki ya wajawazito na hawakujifungulia kituoni. Waliokosa chanjo mara nyingi ndio hao hao waliokosa huduma nyingine.

Dozi sifuri wasichanganywe na watoro, yaani walioanza chanjo wakakatisha. Chukua wilaya mbili za mfano, zote zikiwa na asilimia 70 ya watoto waliopata Penta ya tatu. Ya kwanza ina asilimia 72 kwa Penta ya kwanza, ya pili ina 95. Kiwango cha utoro hupatikana kwa kutoa Penta ya tatu kwenye Penta ya kwanza, kugawanya kwa Penta ya kwanza, kisha kuzidisha kwa 100. Wilaya ya kwanza ina utoro wa karibu asilimia 3 tu, ila watoto 28 katika kila 100 ni wa dozi sifuri. Ya pili ina watoto 5 tu wa dozi sifuri, lakini utoro wake unafika asilimia 26. Kwenye ripoti inayoonyesha Penta ya tatu peke yake, wilaya hizi ni mapacha. Katika ya kwanza kunahitajika huduma za mkoba, yaani wahudumu wanaoifuata jamii ilipo, zifike zisikowahi kufika. Katika ya pili kunahitajika kujua kitu gani kinawakatisha tamaa akina mama baada ya ziara ya kwanza. Kwa mazoea, utoro unaozidi asilimia 10 huhesabiwa kuwa tatizo la kushughulikiwa.

Kwa mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikadiria watoto milioni 14.3 wa dozi sifuri duniani, huku asilimia 89 ya watoto wachanga wakipata dozi ya kwanza na 85 wakifikia ya tatu. Mwaka 2019, kabla ya UVIKO-19, walikuwa milioni 12.9. Lengo la kimataifa ni kuipunguza idadi hiyo ya 2019 hadi nusu ifikapo 2030, na kwa sasa tuko juu ya pale tulipoanzia. Mgawanyo wake ni mbaya kuliko jumla yenyewe. Nchi 26 zenye vita, machafuko au majanga zina robo tu ya watoto wachanga wa dunia, lakini zimebeba nusu ya watoto wa dozi sifuri. Katika nchi hizo idadi ilipanda kutoka milioni 3.6 mwaka 2019 hadi milioni 5.4 mwaka 2024.

Namba hizi zote ni makadirio, na makadirio hayakubaliani. Kwa mwaka 2023, mashirika hayo mawili yalitoa milioni 14.5 katika toleo lao la 2024. Utafiti mkubwa wa mzigo wa magonjwa duniani, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2025, ukatoa milioni 15.7 kwa mwaka huohuo. Tofauti ya zaidi ya watoto milioni moja inatokana na njia za kukadiria: takwimu zipi ziaminiwe, na mapengo yajazwe vipi.

Ugumu mkubwa uko kwenye idadi ya walengwa. Kituo kinajua kimechoma sindano ngapi. Kisichojua ni watoto wangapi walipaswa kuja. Idadi ya walengwa hutokana na sensa iliyokuzwa kwa makisio, na sensa ikiwa ya zamani, makazi mapya ya mabanda, wafugaji wanaohama na waliokimbia vita hupungua au hutoweka kwenye hesabu. Hapo ndipo utakuta wilaya inaripoti asilimia 110 ya chanjo huku surua ikilipuka ndani yake. Ukiona zaidi ya 100, usipongeze mtu. Tilia shaka walengwa kwanza, kisha angalia kama kuna watoto wa wilaya jirani wanaohudumiwa hapo. Tafiti za kaya hupunguza kosa hili kwa kukagua kadi za watoto wa miezi 12 hadi 23, na kadi ikikosekana mama huulizwa anachokumbuka. Nazo zina upofu wao: ramani iliyotumika kuchagua kaya ikiwa ya zamani, mtaa usiokuwa kwenye ramani hautembelewi.

Kuwapata, basi, huanza na ramani kuliko kuanza na chanjo. Viongozi wa vitongoji na wakunga wa jadi wanajua nani amejifungua. Orodha yao ilinganishwe na rejista ya kituo, jina kwa jina. Saa za huduma nazo zitazamwe. Kliniki inayofungwa saa sita mchana haimfai mama anayefanya kibarua hadi jioni.

Mtoto akishafika, mambo mengine huharibikia mezani. Chukua mtoto wa miezi 10 asiyewahi kuchomwa chochote. Siku hiyohiyo anaweza kupewa Penta, chanjo ya nimonia, ya polio na ya surua. Sindano mbili zikiingia paja moja, ziachane angalau sentimita 2.5. Chanjo hai za sindano, yaani zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kwa mfano ya surua na ya homa ya manjano pale inapotolewa, zitolewe siku moja au ziachane wiki 4. Dozi inayofuata ya Penta ni baada ya wiki 4. Akichelewa tena, anaendelea alipoishia. Hakuna kuanza upya. Kikohozi kidogo, kuhara au homa isiyo kali si sababu ya kumrudisha nyumbani, ingawa wengi hurudishwa kwa sababu hiyohiyo.

Kikwazo kingine ni kichupa. Chanjo ya surua ikishachanganywa haina dawa ya kuzuia vijidudu, hivyo hutupwa baada ya saa 6 au kliniki inapoisha, kipi kitangulie. Bakteria wakiota humo wanaweza kuua. Basi mhudumu mwenye kichupa cha dozi 10 na mtoto mmoja mbele yake humwambia mama arudi wenzake watakapofika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua hata kwa mtoto mmoja. Dozi tisa zitakazomwagwa ni hasara inayojulikana na inaweza kupangiwa bajeti. Mama aliyetembea saa tatu huenda asirudi. Penta ya maji haina hata kisingizio hicho: kichupa kilichofunguliwa kinaweza kutumika hadi siku 28, mradi kimehifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, hakijaganda na kiashiria chake cha joto hakijafika hatua ya kutupwa.

Na fomu nazo. Ripoti nyingi za kila mwezi huhesabu Penta ya kwanza kwa walio chini ya mwaka mmoja. Mtoto aliyetafutwa hadi akapatikana akiwa na miezi 14 amekingwa, ila pasipokuwa na safu ya waliovuka mwaka mmoja, sindano yake haionekani popote, na kituo kilichohangaika kumpata kitaonekana sawa na kile ambacho hakikumtafuta.