Laina ya mguu bandia na damu inayofika kwenye kigutu

Mtu akija kliniki na mguu bandia unaomsumbua, hutaka niukague mguu wenyewe. Mimi naomba kwanza nione kigutu, na laina aliyokivalisha: ile soksi nene ya silikoni au sponji inayokaa kati ya ngozi na soketi, yaani kikombe cha mguu bandia ambamo kigutu huingia.

Wengi huichukulia kama mto wa kupunguza maumivu. Lakini laina ndiyo inayoamua kigutu kipate oksijeni au kikose. Oksijeni huifikia ngozi kupitia mishipa midogo mno ya damu, ambayo presha yake ni kama milimita 30 tu za zebaki. Ngozi ikibanwa kupita hapo, mishipa hujifunga. Ukitembea, soketi hubana zaidi ya kiwango hicho kila unapokanyaga, ila mguu ukiinuka damu hurudi. Kusimama ndiko kubaya. Mama anayeuza mchicha, amesimama tangu alfajiri huku ameuegemea mguu ule ule, kigutu chake hakipati nafasi hiyo.

Laina inayokaa sawasawa hutawanya uzito, mfupa wa muundi usiubebe peke yake. Iliyo ndogo hubana muda wote, hata ukiwa umekaa, na ulaini wake haukuokoi. Silikoni pia hutunza joto, na nyama ikipata joto hudai oksijeni zaidi. Mwenye kisukari yuko pabaya zaidi: huenda mishipa yake imekwisha kuwa myembamba, na ganzi inamficha maumivu.

Kwa hiyo kila ukivua, shika kioo ukague mpaka nyuma. Maelezo mengi husema tafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi kama zetu wekundu hujificha. Tafuta palipokolea rangi kuliko pembeni, kisha paguse kwa mgongo wa kiganja: pana joto? Pamekuwa pagumu? Alama ikififia ndani ya dakika 10 hivi, damu imerudi. Ikidumu nusu saa, au pakiwa na lengelenge, usivae tena mpaka tukuone.

Kigutu hupungua kadiri siku inavyokwenda. Mguu bandia ukilegea na kuanza kucheza mchana, ongeza soksi ya pamba, usikaze mkanda.

Na ukija kliniki, leta laina na soksi zote kama ulivyozivua, hata kama hazijafuliwa. Jasho na mikunjo yake hutuonyesha panapobana.