Mita 150 za Nairobi zilivyopotea Nyali: dhana potofu kuhusu simuleta za gofu

Mgeni wetu alishuka Mombasa kwa treni, mfuko wa fimbo begani na namba zake kichwani. Ayani 7, yaani fimbo ya chuma namba 7: mita 150. Namba hiyo aliipata Nairobi kwenye simuleta, mashine ya gofu ya ndani inayokupa umbali wa kila pigo: chumba chenye zulia, skrini ya ukuta mzima na kiyoyozi. Alipiga mipira arobaini, na wastani ukatoka hapo hapo.

Kesho yake tukafika kwenye shimo moja la par 3 (la kumalizwa kwa mapigo matatu) pale kwenye uwanja wa Nyali, bendera ikiwa mita 150. Kedi wetu, mzee aliyeanza kubeba mifuko kabla mimi sijajua fimbo hushikwa vipi, akamnyooshea ayani 6, maana namba ikipungua fimbo hupiga mbali zaidi. "Ongeza fimbo moja, bosi." Mgeni akacheka. "Mzee wangu, mimi nina namba." Akapiga, tena akapiga vizuri, ule mlio ambao kila mwanagofu anaujua. Mpira ukapaa ukanyooka, ukatumbukia kwenye mchanga wa bunka mita nane kabla ya bendera.

Jioni akatoa hukumu: zile mashine ni uongo mtupu. Hukumu hiyo nimeisikia mara nyingi. Nimesikia pia ya upande wa pili, kwamba mashine haikosei kwa kuwa wachezaji wa kulipwa wanaitumia. Zote mbili zina kasoro.

Dhana: Simuleta huongeza umbali ili mteja aondoke amefurahi

Wapo wenye vyumba wanaofanya hivyo, sikatai. Lakini mashine ya mgeni wetu ilisema kweli, ila ilisema kweli ya Nairobi.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi: ukilinganisha siku ya kawaida ya Nairobi na siku ya joto ya Mombasa, kila mita ya ujazo ya hewa ya Nairobi ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 16. Mpira unaokatiza hewa nyepesi hauzuiwi sana, kwa hiyo unafika mbali zaidi. Watengenezaji wa mipira hukadiria ongezeko la kama asilimia 1.2 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Kwa Nairobi, yenye futi 5,600 hivi, hiyo ni karibu asilimia 7, na joto la Pwani likirudisha kidogo, pigo la mita 150 la Nairobi linabaki mita 141 au 142 ufukweni. Zile mita nane zilipotelea hapo.

Hapa nimrekebishe hata mzee wetu, kwa heshima zote. Yeye husema hewa ya Pwani ni nzito kwa sababu ya unyevu. Kinyume chake: mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, hivyo unyevu huipunguzia hewa uzito, ingawa kidogo mno hata usiuone kwenye pigo. Uzito wa hewa ya Mombasa unatokana na kuwa chini, usawa wa bahari. Ushauri wake ulikuwa sahihi, sababu ndiyo aliyokosea, na mimi napendelea hivyo kuliko kinyume chake.

Simuleta nyingi zina sehemu ya kuweka mwinuko na halijoto. Mwenye chumba akiiacha kwenye usawa wa bahari, mchezaji wa Nairobi ataona umbali mfupi kuliko anaoupata kwenye viwanja vya Muthaiga au Karen, naye atalalamika kwamba mashine inamwibia. Akiiweka Nairobi, atalalamika akishuka Pwani. Na ukichagua kucheza uwanja wa mbali ndani ya programu, kuna programu zinazobadilisha mwinuko ufanane na wa uwanja huo bila kukuambia. Kwa hiyo kabla hujaandika namba zako kwenye daftari, uliza swali moja tu: mwinuko umewekwa ngapi?

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Hewa nyepesi hupunguza pia nguvu inayoupinda mpira. Mwenye slaisi, yule ambaye mpira wake hukimbilia kulia kama una miadi huko, akipiga Nairobi atauona ukipinda kwa adabu. Aje nao Pwani, kasi ile ile, uso wa fimbo ule ule, uone utakavyoishia kwenye shimo la jirani.

Dhana: Skrini inauona mpira wako ukiruka hadi unapotua

Skrini haioni kitu. Ni turubai la kuzuia mpira na kupokea picha. Mpira wako husafiri mita tatu au nne, ukagonga turubai, ukaanguka. Mita 140 zinazobaki ni hesabu.

Hesabu hiyo huanzia kwenye vipimo vichache vya mara tu baada ya fimbo kugusa mpira: kasi yake, pembe ya kupanda, mwelekeo wa kulia au kushoto, wingi wa mzunguko, na mhimili ambao mpira unauzunguka. Mzunguko ni jambo kubwa. Vishimo vya kwenye ngozi ya mpira, vikisaidiana na mzunguko wa kurudi nyuma, huuinua mpira hewani. Wachezaji wa PGA Tour, mashindano makuu ya gofu ya kulipwa Marekani, huzungusha mpira wa ayani 7 karibu mara 7,000 kwa dakika, na wa draiva, fimbo ya kupigia mbali kabisa, karibu mara 2,700. Kosea mzunguko, na umbali wote unakosewa hata kama kasi imepimwa sawasawa.

Hapo ndipo aina ya mashine inapoleta tofauti. Mashine za kamera, kama GCQuad ya Foresight yenye kamera nne, hupiga picha nyingi za mpira katika sentimita za mwanzo kabisa na kulinganisha alama za kwenye mpira ili kujua unazunguka vipi. Kwao chumba kifupi si tatizo. Mashine za rada, ambazo kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilizipa umaarufu, zilizaliwa kwa ajili ya uwanja wa wazi, ziufuate mpira hadi utue. Ukiifungia rada ya namna hiyo chumbani, inapata mita chache tu za kusikiliza, na mzunguko unakuwa mgumu kuusoma. Pengine mashine hukadiria badala ya kupima. Ndiyo maana watu hubandika kipande kidogo cha karatasi ya chuma juu ya mpira, na ndiyo maana Titleist, watengenezaji wa mipira, walitoa mipira ya RCT, yenye alama ndani yake zinazosomeka na rada. Ukikuta chumba cha rada ambacho mipira yake ni mchanganyiko wa iliyookotwa na iliyochubuka, furahia mchezo na usiandike namba.

Dhana: Zulia na nyasi ni mamoja, mpira ni ule ule

Hili ndilo kosa linalowagharimu watu zaidi, na mashine haina hatia.

Kwenye nyasi, fimbo ikigonga ardhi sentimita tatu nyuma ya mpira, huchimba. Bonge la udongo huruka, mpira hukokoteka hatua ishirini, na wenzako hutazama pembeni kwa huruma. Kwenye zulia, kosa hilo hilo husamehewa: chini ya zulia ni sakafu, fimbo haichimbi bali hudunda na kuteleza hadi kwenye mpira. Mashine itapima kwa uaminifu mpira uliotoka, na mpira uliotoka ulikuwa mzuri. Haijui kwamba uwanjani usingetoka. Nimemwona kijana aliyejifunza miezi sita chumbani peke yake, namba zake zikapendeza kweli, na siku ya kwanza uwanjani akalima kama anatayarisha shamba la muhogo. (Viwiko navyo hukumbuka zulia gumu. Kikianza kuuma, usiulaumu umri.)

Halafu kuna rafu. Simuleta ikikuweka kwenye nyasi ndefu, kwa kawaida hukata asilimia fulani ya umbali, basi, huku mpira wako ukikaa mahali pale pale pakavu na tambarare. Nyasi halisi hazina asilimia moja. Chukua nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, ikasafirishwa hadi Australia na California. Uwanja wa Riviera kule Los Angeles umejaa nyasi hiyo, na programu kadhaa hukuruhusu kuucheza ukiwa chumbani. Kikuyu ni nene na ngumu, hukamata shingo ya fimbo na kuigeuza mkononi mwako. Ukitaka kujua inavyohisi, usiende Riviera ya skrini; nenda Limuru na ayani 5 asubuhi yenye umande.

Wakati mwingine nyasi hufanya kinyume. Majani yakiingia kati ya uso wa fimbo na mpira, mzunguko hupungua, mpira huchomoka na kuipita grini yote, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera. Na mpira ulio juu au chini ya miguu yako, kwenye mteremko? Karibu vyumba vyote havina mteremko. Kampuni ya Golfzon ya Korea Kusini, nchi ambako gofu ya skrini ni burudani ya kawaida ya mjini, huuza vibao vinavyoinama chini ya miguu pamoja na mazulia tofauti ya rafu na ya mchanga. Inasaidia, ila bado ni mazulia.

Dhana: Ukiweza kuingiza mipira kwenye skrini, utaweza kwenye grini

Hapana. Angalia TGL, ligi ya gofu ya ndani ya Tiger Woods na Rory McIlroy, iliyoanza Januari 2025 huko Florida. Skrini yao ina urefu wa ghorofa kadhaa, na fedha si tatizo. Hata hivyo mapigo marefu hupigwa kwenye nyasi halisi na mchanga halisi, yadi 35 hivi kutoka kwenye skrini ili mitambo ipate nafasi ya kuufuata mpira. Na mpira ukibakiza yadi 50, wanaiacha skrini na kucheza kwenye grini ya kushikika, inayozunguka na kubadilisha miinuko yake. Kama wao hawakuiamini skrini kwa mapigo mafupi, mimi wa chumba cha kukodi kwa saa ni nani?

Dhana: Mashine imesema kulia, basi nimepiga kulia

Labda. Kifaa kikikaa kimepinda nyuzi 2 tu, kila mpira utahama mita 7 katika umbali wa mita 200. Piga mipira mitano unayoiamini. Ikienda yote upande mmoja, mwite mhudumu kabla hujabadilisha namna ya kushika fimbo.

Kuna kipimo kingine cha haraka, cha draiva. Gawanya kasi ya mpira kwa kasi ya fimbo. Kwa sheria za vifaa zilivyo, jibu huishia karibu na 1.5. Mashine ikikupa 1.58 mara tatu mfululizo, haijagundua kipaji chako; imekosea kasi mojawapo.

Dhana: Nikimaliza mashimo 18 kwa mapigo 78 chumbani, mimi ni mchezaji wa 78

Mfumo wa Handikapu wa Dunia, unaopima uwezo wa mchezaji na ulioanza 2020, haupokei matokeo ya simuleta. Chumbani hakuna mpira unaopotea vichakani, mpira ulio karibu na shimo huhesabiwa umeingia, na hakuna anayekusubiri nyuma akiwa amekunja mikono.

Basi namba zipi nizishike? Mimi hushika tofauti kati ya fimbo na fimbo. Kama ayani 7 na ayani 6 zinapishana mita 11 chumbani, pengo hilo litakuwa karibu lile lile uwanjani, hata kama umbali wenyewe umehama kwa sababu ya mwinuko. Kasi ya mpira na pembe ya kupanda pia naziamini. Mahali mpira ulipotua napachukua kama makadirio. Na upepo wa kwenye programu siutazami kabisa: mara nyingi huwekwa namba moja na mwelekeo mmoja, ukavuma hivyo tangu shimo la kwanza hadi la 18. Kusi na kaskazi hazijawahi kuvuma hivyo.

Siku ya pili mgeni wetu alirudi kwenye shimo lile lile. Kabla mzee hajafungua mdomo, akanyoosha mkono: "Nipe ayani 6." Kusi ilikuwa imeamka tangu alfajiri, minazi ikitutazama uso kwa uso. Mzee akaangalia bendera, akaangalia minazi, akachomoa ayani 5.