Mbegu ya paka na hulka yake: yanayosemwa na yaliyopo

Anayetafuta paka wa kufuga huambiwa sifa za kila mbegu, yaani aina ya paka kwa ukoo wake, kabla hata hajamwona paka mwenyewe. Siamese ataambiwa ni msemaji, Persian mpole, Bengal hatulii, na Ragdoll ukimbeba hulegea kama kitambaa. Baadhi ya sifa hizo zina ukweli ndani yake. Ubaya ni kwamba watu huzichukua kama ahadi, na ahadi isipotimia anayeumia ni paka: atarudishwa alikotoka au ataitwa mkorofi, naye yuko vile alivyozaliwa na alivyolelewa.

Dhana: Ukijua mbegu, umeshamjua paka

Nasaba ina mchango wake, na hilo si la kubishia. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza wenye paka kuhusu paka zaidi ya 5,700. British Shorthair walionekana kwa wastani kuwa wazito wa kuchangamka na wasiopenda sana kuwaendea watu, ilhali Korat na Devon Rex walikuwa wepesi wa kumfuata mtu. Mwaka 2021, katika utafiti mwingine wa Helsinki, Russian Blue waliongoza kwa woga na Abyssinian wakashika mkia. Bengal waliwashinda wote kwa kucheza.

Ila kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Watafiti wa 2019 walikadiria pia urithi wa tabia ndani ya mbegu tatu, yaani Maine Coon, Ragdoll na Turkish Van, wakakuta karibu nusu ya tofauti kati ya paka na paka inatokana na vinasaba. Hapo wanaolinganishwa ni Maine Coon na Maine Coon mwenzake. Kwa hiyo hata ile sehemu ya kurithi inategemea sana mama na baba wa paka huyo, na iliyobaki inatokana na maisha yake. Wastani ni habari ya kundi. Yupo Bengal anayeshinda amelala, na yupo British Shorthair asiyepata usingizi mpaka apande kifuani pa mwenye nyumba.

Dhana: Mbegu za paka ziliundwa kwa ajili ya tabia, kama za mbwa

Mbwa walichaguliwa kwa kazi kwa karne nyingi: kuchunga, kuwinda, kulinda. Paka aliachiwa panya wake. Mbegu zake nyingi zilianza kusajiliwa na kushindanishwa baada ya maonyesho ya Crystal Palace, London, mwaka 1871, na waamuzi walikuwa wakitazama zaidi manyoya, rangi na umbo.

Dhana: Ragdoll hasikii maumivu

Huu ni uzushi wa hatari. Mwanzilishi wa mbegu hii, Ann Baker wa California, alieleza kwamba paka wake Josephine aligongwa na gari katika miaka ya 1960, na watoto aliowazaa baadaye wakawa walegevu na wasiosikia maumivu. Ajali haibadilishi kinachorithiwa na watoto. Ragdoll anasikia maumivu kama paka yeyote, na wapo wengi ambao ukiwabeba hawalegei hata kidogo.

Dhana: Scottish Fold ni mtulivu wa asili

Hii inaniuma kuliko zote. Masikio yake yaliyokunjika yanatokana na kasoro ya gegedu, yaani mfupa laini, na gegedu haiko masikioni tu, iko pia kwenye viungo vya miguu na mkia. Mtazame akiwa mbele ya kiti: anainua kichwa, anaweka miguu ya mbele, anasita, kisha anaishusha na kwenda kulala sakafuni. Ukimgusa karibu na shina la mkia, anajivuta. Mwenye nyumba anasema, “Paka wangu hana fujo,” kumbe kuruka kunamuuma. Chama kikuu cha usajili wa paka Uingereza kiliacha kuwasajili katika miaka ya 1970. Persian wenye uso bapa sana nao wafikiriwe hivyo hivyo, kwa sababu anayepumua kwa taabu hawezi kukimbia ovyo. Kabla hujausifu upole wa paka wa namna hii, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Dhana: Rangi inaonyesha tabia

Jeni (kinasaba) ya rangi ya machungwa iko kwenye kromosomu X; dume ana X moja tu na jike ana mbili, hivyo dume hutosheka na nakala moja ya jeni hiyo, ndiyo maana paka wengi wa rangi hiyo ni madume. Huenda basi tabia tunazodhani ni za rangi hiyo ni mambo ya udume. Na paka mweupe mwenye macho ya buluu asiyekuja akiitwa, usiharakishe kumwita kaidi: wengi wao huzaliwa viziwi.

Basi kitazamwe nini? Malezi ya mwanzo. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 mtoto wa paka hujifunza kama mikono ya watu ni salama, na hapo ndipo samaki hukunjwa angali mbichi. Aliyebebwa kila siku na watu tofauti kwa upole huwa rahisi kuzoea wageni. Baba naye ana sehemu yake: watoto wa dume mchangamfu huelekea kuwa wajasiri zaidi, hata kama hawakuwahi kumwona.

Kwa hiyo unapokwenda kuchukua mtoto wa paka, omba kumwona mama yake, kisha kaa chini usimshike yeyote, uone nani anakuja na nani anajificha. Kama kuna paka mkubwa anayetafuta makao, usimpite kwa kuwa mbegu yake haijulikani, kwa sababu hulka yake imeshajionyesha. Akijikunyata siku ya kwanza, usimhukumu kwa siku hiyo. Muulize anayemlisha kila siku jinsi paka huyo anavyompokea anapofungua mlango.