Tume ya usawa ina nguvu gani?

Chukua mfano wa hoteli ya Malindi inayotafuta mtu wa mapokezi. Binti anakwenda na vyeti vyake, anaambiwa amefaa, ila ushungi auvue: hapa hakuna anayefunika kichwa. Meneja anaona hajambagua mtu, maana sharti ni la wote. Sheria ya Kenya haioni hivyo. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi wa waziwazi na ule wa kuzunguka, yaani sharti linalowahusu wote kwa maneno lakini likiwaumiza watu wa aina fulani. Mavazi yametajwa humo, sawa na dini, lugha, ujauzito na ulemavu.

Binti huyo anaweza kwenda kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Malalamiko hupokewa kwa mdomo au kwa maandishi, na wakili si lazima. Tume humtaka mwajiri ajieleze, kisha hujaribu kuwapatanisha. Yakishindikana, inaweza kuchunguza na kuita mashahidi kama mahakama inavyofanya. Inaweza hata kuanza uchunguzi yenyewe, bila mlalamikaji. Nafuu kubwa hiyo katika mji mdogo ambamo anayemlalamikia tajiri leo kesho anamwomba kazi nduguye.

Ila tume haitoi hukumu. Hutoa mapendekezo, na ikiona jinai hulikabidhi suala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kwa maoni yangu, meno hasa yako katika kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya 2007: kesi ikifika mahakamani, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Na mahakama ya ajira ipo Malindi penyewe, si lazima kupanda basi la Mombasa.

Mwajiri naye ana haki yake. Anaruhusiwa kudai sifa ambayo kazi yenyewe inaihitaji. Malindi, kwa wageni wa Italia tulio nao, kumtaka mhudumu wa meza ajue Kiitaliano si ajabu. Akidaiwa mtunza bustani Kiitaliano hichohicho, meneja atakuwa na kazi ya kueleza.

Jambo moja la kuangalia ni mpangilio wa hatua. Suala likishakuwa mahakamani, tume hailigusi tena. Na madai ya ajira yana muda wa miaka 3 tu kufikishwa huko, kwa hivyo mazungumzo ya upatanisho yasiachwe yakavutwa mpaka muda ukaisha.