Rangi ya folda iseme kazi imefika wapi

Kazi yangu ni kupanga maktaba za picha za watu. Studio za mtaani, wapiga picha wa harusi, mashirika mawili matatu yanayofanya kazi na wavuvi huku ziwani. Na karibu kila laptopu ninayoifungua hapa Mwanza nakuta kitu kilekile, rangi za folda kwenye Lightroom Classic, ile programu ya kupangia na kueditia picha, zipo ila zimepangwa kwa aina ya kazi: harusi nyekundu, send-off njano, kipaimara bluu, mahafali kijani. Inapendeza macho kweli, lakini muulize mwenye studio ni kazi ipi bado haijachaguliwa, au mteja gani hajachukua picha zake, uone anavyoanza kufungua folda moja baada ya nyingine.

Mimi nasema hivi, rangi ya folda iseme kazi imefika wapi. Aina ya kazi haibadiliki, harusi itabaki harusi hata miaka kumi ipite, kwa hiyo aina ikae kwenye jina la folda. Naandika mwaka, mwezi, siku, afu aina, afu mahali, mfano 2025-06-14_Harusi_Igoma, ukianza na mwaka folda zinajipanga zenyewe kwa tarehe bila kuzisumbukia. Kinachobadilika kila siku ni hatua ya kazi, na rangi unaweza kuibadilisha mara mia bila kuigusa folda yenyewe kwenye diski.

Hapo kwenye kutoigusa folda naomba nikae kidogo maana ndipo maumivu mengi yanapotokea. Wengi wanaonyesha hatua ya kazi kwa kuhamisha folda, wana folda kubwa inaitwa ZINAZOENDELEA na nyingine inaitwa ZILIZOISHA, kazi ikikamilika wanaikata huku wanaipesti kule, na wanafanya hivyo kwa Explorer ya Windows, nje ya Lightroom. Sasa Lightroom haihifadhi picha ndani yake, inahifadhi kumbukumbu ya mahali picha ilipo, kwenye faili la katalogi lenye mwisho wa .lrcat. Ukihamisha folda kwa nje yenyewe haina habari, ukirudi unakuta alama ya kuuliza kwenye folda na picha haziwezi kueditiwa kwa faili halisi. Haijapotea kitu, unakliki kulia kwenye ile folda unachagua Find Missing Folder unaionyesha zilipo, inatulia. Ila kama umehamisha folda thelathini kwa mtindo huo kazi unayo. Na hata ukihamisha kwa njia sahihi, ndani ya Lightroom kwenyewe, bado unasafirisha mafaili mazito kutoka diski moja kwenda nyingine, na hizi hadidisk kubwa za mezani zinazotumia adapta umeme ukikatika zinazima papo hapo laptopu ikiwa bado inawaka. Rangi haina hatari hiyo. Unabadilisha njano kuwa bluu, picha zimekaa palepale zilipokuwa.

Namna ya kuweka ni rahisi. Uko kwenye Library, kushoto kuna paneli ya Folders, kliki kulia kwenye folda, tafuta mstari unaotaja Color Label, chagua rangi. Unaweza kushika Ctrl ukachagua folda kadhaa ukazipa rangi kwa pamoja. Kitu hiki kilikuja na toleo la 7.4, Juni 2018, kwa hiyo kama unatumia toleo la zamani kuliko hapo hutakiona hata utafute vipi. Mwaka uliofuata, Agosti 2019, toleo la 8.4 likaongeza rangi kwenye collections pia, yani yale makundi ya picha unayoyaunda ndani ya Lightroom yenyewe. Rangi ni tano tu, nyekundu, njano, kijani, bluu na zambarau, na folda moja inabeba rangi moja.

Sasa mpangilio ninaoufunga kwa watu. Nyekundu ni picha zimeshashuka kutoka kwenye kadi lakini nakala ya pili haijawekwa popote, yani ukiona nyekundu hairuhusiwi mtu yeyote kuformati ile memori kadi, hata kama kesho asubuhi kuna shughuli Buzuruga na kadi zimeisha, nenda kanunue nyingine. Njano ni nakala ipo, kazi inachaguliwa au inaeditiwa. Bluu ni mpira uko kwa mteja, ametumiwa sampuli WhatsApp achague za albamu na bado hajajibu. Kijani ni tayari, imechapwa au imewekwa kwenye flashi, inasubiri mwenyewe aje. Zambarau ni imekwama, labda balansi haijalipwa, labda simu ya mteja haipatikani, labda maharusi hawaelewani na kamati nani mwenye albamu, sababu naiandika pembeni kwenye daftari la studio.

Na iliyoisha kabisa, imelipwa imekabidhiwa, haina rangi. Hapa ndipo ninabishana na watu sana, kila mtu anatamani kijani iwe ya kazi zilizokamilika kwa sababu kijani inaleta raha. Lakini fikiria studio yenye shughuli kila wikiendi, baada ya miaka miwili paneli nzima ni kijani kitupu na zile folda tano zinazokusubiri leo zimezama humo katikati. Rangi ina nguvu pale ambapo folda nyingi hazina rangi. Kazi ikiisha unaivua rangi yake, inarudi kuwa folda ya kawaida kwenye maktaba, na macho yako yanabaki na zile zinazodai kitu kutoka kwako.

Faida yake utaiona pale unapochuja. Juu ya paneli ya Folders kuna sehemu ya kutafutia, ukibonyeza kile kialama cha lenzi unapata chaguo la kuona folda zenye lebo peke yake, unachagua kijani, zinabaki kijani tu. Jumatatu asubuhi anaingia mama kutoka Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wa ng'ambo ile hawasubiri tena kivuko, wanatokea tu bila hata kupiga simu. Anakwambia "habari za kazi mwanangu, zile picha za kipaimara cha mjukuu wangu vipi", wewe unamjibu "nzuri mama, shikamoo, karibu ukae", unachuja kijani, folda ipo, unamkabidhi bahasha yake. Ikiwa haipo kwenye kijani unachuja bluu, unaona kumbe ni mjukuu mwenyewe ndiye hajajibu ile meseji ya kuchagua picha, unamwonyesha bibi hapo hapo kwenye skrini achague. Mteja wa Ukerewe naye ndio kabisa usimzungushe, akiikosa meli ya kurudi Nansio inabidi alale mjini kwa sababu ya picha zako.

Kitu kingine ambacho watu hawakitarajii, rangi zinaonekana hata kama ekstenali haijachomekwa. Folda zitafifia kuonyesha diski haipo lakini lebo zake zinabaki, kwa sababu zimeandikwa kwenye katalogi na sio kwenye diski ya picha. Kwa mtu mwenye ekstenali nne kwenye droo hii ni nafuu kubwa, unajua kazi iliyokwama iko kwenye diski ipi kabla hujaanza kuchomeka moja moja.

Ila hiyohiyo ndiyo sababu ya kuwa makini. Rangi ya folda inaishi kwenye katalogi tu. Haionekani kwenye Explorer, haiendi na folda ukimkopia mtu kwenye flashi, na ukiipoteza katalogi rangi zote zimeondoka nayo. Wenye Mac nao, zile rangi unazoweka kwenye Finder ni kitu kingine kabisa, Lightroom haizisomi na yenyewe haiandiki huko. Kwa hiyo ule ujumbe unaotokea ukifunga programu, unaouliza kama uweke bakapu, ukubali, na uelekeze bakapu ya katalogi kwenye diski tofauti na ile yenye katalogi yenyewe. Afu kumbuka bakapu hiyo inabeba katalogi peke yake, picha zako haimo hata moja, picha unazikopi mwenyewe.

Rangi za picha ni habari tofauti na vijana wengi wanazichanganya. Picha mojamoja nayo ina lebo ya rangi, unabonyeza 6 kwa nyekundu, 7 njano, 8 kijani, 9 bluu, zambarau haina kitufe chake. Lebo hii inaweza kuandikwa ndani ya faili lenyewe kama ni JPEG au DNG, au kwenye kafaili ka maelezo kanakoitwa XMP kanakokaa pembeni ya RAW, yani faili ghafi la kamera, ukibonyeza Ctrl+S. Na kinachoandikwa pale ni neno, rangi yenyewe haiandikwi. Ukienda Metadata, afu Color Label Set, afu Edit, unaona majina ya rangi na unaweza kuyabadilisha, kuna sehemu ya picha na sehemu ya folda kila moja na majina yake. Mimi kwa folda naandika Kiswahili kabisa: Usiformati Kadi, Inaeditiwa, Kwa Mteja, Tayari, Imekwama. Msaidizi mpya akija hahitaji semina, anasoma.

Kwa picha lakini uwe mwangalifu na majina. Tuseme kwenye laptopu ya studio nyekundu umeipa jina Chapa, umepitia picha za mahafali pale Nyegezi umeweka nyekundu kwenye zote za kuchapwa, ukasevu kwenye XMP, ukampa kijana aende nazo akamalizie kwenye mashine yake nyumbani. Kule kwake nyekundu bado inaitwa Red. Akizifungua haoni nyekundu hata moja, anaona lebo nyeupe kila mahali, anakupigia simu kwamba kazi imeharibika. Haijaharibika. Neno Chapa limefika salama ila mashine yake haina rangi yenye jina hilo. Mwekee seti ya majina inayofanana na yako herufi kwa herufi na nyekundu zinarudi. Mashine zote za studio moja ziwe na seti moja, hili nalisimamia mwenyewe kila ninapofunga mfumo.

Kuna taa moja nayo inachanganya watu. Kwenye paneli hiyohiyo ya Folders, pembeni ya jina la diski, kuna kataa kadogo kanakobadilika rangi, wengine wanadhani ni lebo. Ile inakwambia nafasi iliyobaki kwenye diski: kijani ni GB 10 au zaidi, njano chini ya 10, chungwa chini ya 5, nyekundu chini ya 1. Ukiona chungwa Ijumaa na Jumamosi una harusi, hamisha vitu mapema.

Kwa kazi za shirika mpangilio unabadilika kidogo. Wale wanaopiga picha za dagaa pale Mwaloni Kirumba, au ngoma za Bulabo kule Bujora mwezi wa Juni, hawana mteja wa kuja kuchukua bahasha. Kinachowasumbua ni maelezo na ruhusa, nani yuko kwenye picha, alikubali itumike wapi. Kwao bluu inakuwa maelezo hayajaandikwa na zambarau inakuwa ruhusa haijakamilika, hairuhusiwi kutoka ofisini. Hii ya zambarau naiona ya muhimu sana, mama anayeanika dagaa pale ana haki ya kujua sura yake inaenda kwenye ripoti ya nani, na mtu wa mawasiliano akikimbizana na muda wa kutuma ripoti anachukua picha iliyo karibu na mkono wake. Akiona zambarau anasimama.

Kama una mtu kwenye timu asiyetofautisha vizuri nyekundu na kijani, na wanaume wa hivyo wapo wengi kuliko tunavyodhani, hatua zile mbili ambazo zikichanganywa zinaleta hasara zipe bluu na njano.

Wasiotumia Lightroom nao wananiuliza. Kwenye darktable, ambayo ni ya bure, rangi ziko tano pia, F1 mpaka F5, na picha moja inaweza kubeba zaidi ya moja, ila ni rangi za picha. digiKam nayo ni ya bure na ina rangi nyingi zaidi za picha, na kila albamu, ambayo kwake ni folda, unaweza kuipa kundi lake, makundi unayaandika mwenyewe na unaweza kuzipanga albamu kwa hayo makundi. Hapo ndipo ninapoweka hatua za kazi kwa wenye digiKam, maneno yaleyale matano.

Kwa mwenye maktaba ya miaka mingi ambayo imeshapakwa rangi kwa aina ya kazi, usikae kuanza kurekebisha folda moja moja. Chagua zote uzivue rangi kwa mkupuo, hakuna picha inayoguswa. Afu fungua daftari la oda, angalia kazi ambazo hazijafungwa, hizo tu ndizo uzipe rangi.