Kanuni ya Chatham House maana yake nini hasa?

Chuo kikuu kikiandaa mhadhara wa masuala ya kimataifa na kuwaalika viongozi wa kanda, yaani mawaziri, mabalozi, maafisa wa jeshi, watendaji wa jumuiya za nchi jirani, mara nyingi mwenyekiti kabla hajampa mtu kipaza sauti atasema kikao hiki kinaenda kwa Kanuni ya Chatham House. Watu wanaitikia kwa kichwa, mjadala unaanza, halafu wakitoka ukumbini utakuta huyu anadhani kakatazwa kusema chochote na yule keshaposti picha ya mzungumzaji na maneno yake chini. Wote wawili wamekosea.

Maana yake ni fupi tu. Ulichokisikia ruksa kukitumia, ila usiseme kimesemwa na nani, wala huyo aliyesema anatoka taasisi gani au nchi gani, na hiyo ni kwa wazungumzaji na pia kwa kila mtu aliyekuwa humo ndani hata kama alikuja kusikiliza tu. Kwa hiyo maneno yanatoka nje, mwenye maneno anabaki ndani.

Ndo maana sio sawa na kikao cha siri. Kwenye kikao cha siri mambo ya humo yanaishia humo, huandiki, husimulii. Hapa wanataka kabisa uende ukaandike, ukafundishe wanafunzi wako, ukamshauri bosi wako, kwa sababu mawazo yakifungiwa ukumbini mhadhara wenyewe unakuwa haujamsaidia mtu.

Jina limetokana na nyumba iliyopo St James's Square, London, makao ya taasisi ya kifalme ya masuala ya kimataifa ya Uingereza. Taasisi yenyewe ilianzishwa 1920, wazo lake lilitoka kwenye mkutano wa amani wa Paris wa 1919 baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, pale baadhi ya wajumbe wa Uingereza na Marekani walipoona mahusiano ya nchi na nchi yanahitaji watu wa kuyasoma na kuyajadili kwa kina. Kanuni ikaandikwa 1927, ikafanyiwa marekebisho 1992 na 2002. Na ni kanuni moja tu, ukisikia mtu anasema "kanuni za Chatham House" kana kwamba kuna orodha ndefu mahali, hapana, ni sentensi moja.

Sasa kwa nini viongozi wanaihitaji? Fikiria waziri yuko mbele ya kamera anaulizwa mkataba wa kugawana maji ya mto umekwama wapi. Atakupa msimamo wa serikali, na sio kwamba ni muongo, neno lake likishatoka linakuwa neno la nchi, kesho yake balozi wa nchi jirani anadai maelezo. Mtu huyo huyo ukimhakikishia jina lake halitatajwa anaweza kusema jamani kwetu kuna kipengele tulikikubali haraka na sasa kinatubana, au akasema hoja ya jirani ina ukweli. Anaweza hata kuwaza kwa sauti, akajaribu wazo ambalo bado hajaliamini, akakosolewa akabadilisha. Mimi naona hapo ndo ilipo thamani yake yote, maana kiongozi asiyepata sehemu ya kufikiri mbele ya wenzake atabaki kurudia aliyoandikiwa.

Pagumu ni hapa, na wengi wenye nia nzuri wanateleza hapa hapa. Wanajua wasitaje jina, basi wanaandika "waziri mmoja wa nishati kutoka nchi ya visiwani alisema…" wakati mezani nchi ya visiwani ilikuwa moja. Umeshamtaja! Kanuni inakataza kumtambulisha mtu kwa namna yoyote, iwe wazi au kwa kuzunguka, cheo, nchi, hata lafudhi au kisa alichosimulia ambacho kila mtu anajua ni chake. Andika tu "mshiriki mmoja alieleza kuwa", na kama bado atajulikana toa na hicho kisa, baki na hoja. Orodha ya waliohudhuria nayo haitumwi kwa watu ambao hawakuwepo, na picha ya ukumbi inayoonyesha sura za watu ni orodha hiyo hiyo ila kwa njia nyingine. Kutwiti au kutuma kwenye grupu la WhatsApp inaruhusiwa mradi uandike kilichosemwa bila kumtambulisha mtu.

Kitu kingine, sio lazima kikao kizima kiwe chini ya kanuni. Maneno yenyewe yanasema mkutano au sehemu yake, ndo maana vyuo vinaweza kuacha mhadhara mkuu uwe wazi, unarekodiwa na waandishi wapo, halafu ikifika maswali na majibu kamera zinazimwa na kanuni inaanza. Kwa hiyo hotuba unaweza kuinukuu kwa jina la aliyeitoa na jibu alilotoa dakika kumi baadaye usiweze.

Ukiivunja hupelekwi mahakamani, sio sheria. Chatham House wenyewe wanaweza kumchukulia hatua mwanachama wao, ila sehemu nyingine zinazotumia kanuni hii mara nyingi hakuna adhabu iliyoandikwa, inasimama kwa uaminifu tu, na mtu akiuvunja mara moja hao viongozi mwakani watakuja na hotuba za kusoma kwenye karatasi au hawatakuja kabisa.

Kama kuna sentensi umeipenda mno na unataka kuinukuu kwa jina, msubiri mzungumzaji amalize, mfuate, muombe. Akikubali mwandikie kabisa ile sentensi aione ilivyo, akikataa iache.