Homa ya Siku ya Kumi

Mama akiniletea mtoto mwenye kichwa maji, yaani maji yamejaa ndani ya ubongo na kichwa kinakua kupita kiasi, sianzi na kichwa. Nauliza mwezi wa kwanza ulikwendaje. Alipata homa? Aligoma kunyonya? Degedege je? Mara nyingi mama hufikiri kidogo, kisha: "Ndiyo daktari, aliumwa siku ya kumi, akachomwa sindano, akapona."

Wengi huamini ugonjwa huu ni wa kuzaliwa nao tu, na wapo akina mama wanaoambiwa wamerogwa. Benjamin Warf, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani, aliwachunguza watoto 300 katika hospitali ya CURE mjini Mbale, mashariki mwa Uganda. Mwaka 2005 aliandika kwamba takriban asilimia 60 yao waliupata baada ya maambukizi, wengi ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha.

Maambukizi yakifika kwenye ubongo huacha makovu katika njia za maji yake. Maji yanaendelea kutengenezwa, pa kutokea hakuna. Vyumba vya ubongo vinatanuka, na nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine zinavutika na kukandamizwa. Pengine mishipa ya damu nayo huziba, kichanga akapata kiharusi. Wazazi hushangaa nikilitamka neno hilo mbele ya mtoto wa wiki tatu.

Kwa miaka mingi maabara ilijaribu kuotesha vijidudu kutoka kwenye maji ya ubongo ya watoto hawa na mara nyingi haikuona kitu. Mwaka 2020 watafiti waliopima vinasaba kwenye maji ya ubongo ya watoto 100 waliotibiwa Mbale walimpata bakteria aitwaye Paenibacillus, ambaye uoteshaji wa kawaida haumnasi. Niliposoma utafiti ule niliwakumbuka vichanga niliowaandikia dawa za kuua bakteria, ampisilini na jentamaisini, majibu ya maabara yakisema hakuna mdudu.

Upasuaji upo: kuweka mpira wa kupitisha maji hadi tumboni, au kutoboa njia mpya ndani ya ubongo. Huokoa maisha, lakini nyuzi zilizokwisha kuharibika haurudishi.

Kwa hiyo kichanga aliyelazwa kwa maambukizi simruhusu bila tarehe ya kurudi. Nazungusha futi kamba kuanzia juu ya nyusi hadi kisogoni, naandika sentimita kwenye kadi, na mama namwonyesha kugusa utosi mtoto akiwa amepakatwa wima, ametulia. Ukiwa umevimba na kukaza, asingoje kliniki ya mwezi ujao. Aje siku hiyohiyo.